Jenomu haizuii risasi. Basi tunaisomea nini?

Swali: "Ninasoma biolojia ya wanyamapori, mwaka wa pili. Mhadhiri wetu alitumia saa mbili kutueleza jinsi jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, inavyosaidia kuhifadhi spishi zinazotoweka. Nilitoka na swali ambalo niliona aibu kuliuliza darasani: kama tunajua tayari kwamba wanyama wanaisha kwa ujangili, mitego na kukosa mahali pa kuishi, kusoma DNA yao kunaongeza nini? Na je, spishi ikishabaki na wanyama kumi au ishirini, wanaozaliana ndugu kwa ndugu, si imeshakwisha hata tufanye nini?"

Jibu: Hukuwa na sababu ya kuona aibu, ndugu yangu. Swali lako wengi wetu tunaoishi kwa kazi hii tunalikwepa, maana jibu lake la kwanza halitupendezi: jenomu haizuii risasi, haitegui mtego, haioteshi msitu. Mtu akikuambia kwamba maabara itaokoa spishi inayowindwa kila usiku, mwulize kwanza askari wa doria wako wangapi.

Lakini wanyama wakishabaki wachache, wahifadhi hujikuta mbele ya uamuzi ambao macho hayawezi kuusaidia, wala hesabu ya vichwa. Tuwachanganye na wenzao wa mbali? Tuwatenge? Au tuwaache kama walivyo na tupambane na mwuaji wao tu? Hapo ndipo jenomu inapokula mshahara wake. Na sehemu ya pili ya swali lako, ile ya "imeshakwisha", inajibiwa hapo hapo, kwa sababu spishi mbili zenye umaskini uleule wa vinasaba zinaweza kuhitaji tiba zinazopingana kabisa.

Ngoja nikuonyeshe ninachokiona kwenye skrini ninapofungua jenomu ya mnyama mmoja. Kromosomu zake, zile nyuzi zinazobeba DNA, ziko mbilimbili, nakala ya mama na nakala ya baba. Nazipanga juu na chini, herufi kwa herufi, na programu inaweka nukta nyekundu kila mahali ambapo herufi ya juu haifanani na ya chini. Kwa mnyama aliyetoka kwenye kundi kubwa, nukta zimetapakaa kama manyunyu kwenye vumbi. Kwa mnyama ambaye wazazi wake ni ndugu, unasogeza skrini, unasogeza tena, mamilioni ya herufi yanapita bila nukta hata moja, halafu ghafla nukta zinaanza upya. Kile kipande kitupu kinasema kwamba nakala ya mama na nakala ya baba zilitoka kwa mzee mmoja.

Urefu wa kipande ndio unaotaja wakati. Kila mara mayai na mbegu zinapotengenezwa, kromosomu hukatika na kubadilishana sehemu, kwa hiyo kipande kilichotoka kwa mzee mmoja kinazidi kufupishwa kadiri vizazi vinavyopita. Vipande virefu ni undugu wa juzi. Vipande vifupi, vingi, ni habari ya kundi lililokuwa dogo zamani sana. Mwaka 2011 Heng Li na Richard Durbin walichapisha mbinu ya kukadiria ukubwa wa kundi la mababu kwa kutumia jenomu ya kiumbe mmoja tu, na tangu hapo mnyama mmoja aliyegongwa barabarani anaweza kutuchorea jinsi ukoo wake ulivyopanuka na kusinyaa kwa mamia ya maelfu ya miaka. Nimefanya kazi hii muda mrefu na bado jambo hilo linanishangaza.

Sasa, kwa nini kipande kitupu kina madhara? Karibu kila mnyama hubeba makosa kadhaa ya jeni ambayo hayamdhuru, kwa kuwa nakala ya pili ya jeni hiyo ni nzima na inamkinga. Nakala zote mbili zikitoka kwa mzee mmoja, na mzee huyo alikuwa na kosa, kinga inakosekana. Moyo unazaliwa na tundu, mbegu za dume hazina nguvu, watoto wanakufa mapema.

Hivyo ndivyo ilivyowakuta puma wa Florida, Marekani. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 walikadiriwa kuwa 20 hadi 30, wengi wakiwa na mkia uliopinda, madume wakiwa na korodani ambazo hazikushuka, na kasoro za moyo zikiongezeka. Mwaka 1995 wahifadhi waliwaachia huko puma majike 8 kutoka Texas. Matano yakazaa. Miaka iliyofuata kundi likaongezeka mara tatu, utofauti wa vinasaba ukapanda maradufu, na mikia ikanyooka. Kilichoupa uamuzi huo nguvu ni kwamba puma wa Florida na wa Texas waliwahi kuzaliana kabla binadamu hajawakatia njia. Waliowachanganya walikuwa wanarudisha daraja lililovunjwa.

Ungeishia hapo, ungedhani dawa inajulikana: leta damu mpya. Lakini kisiwa cha Isle Royale, katikati ya Ziwa Superior huko Marekani, kina hadithi nyingine. Mbwa mwitu (wale wa kijivu wa nchi za baridi, si wale wa Afrika) walifika huko katikati ya karne ya 20 kwa kuvuka juu ya barafu, wakaishi kama kundi dogo lililotengwa. Mwaka 1997 dume mmoja wa bara akavuka peke yake. Alikuwa imara, watoto wake wakashinda wenzao kwa kila kitu, na kundi likaonekana kupona. Baada ya vizazi vichache karibu kila mbwa mwitu kisiwani alikuwa wa ukoo wake. Kumbuka alitoka kwenye kundi kubwa la bara, na makundi makubwa hubeba makosa mengi yaliyojificha kwa sababu nakala nzima huyafunika daima. Wajukuu wake walipoanza kuzaliana wao kwa wao, makosa hayo yakajitokeza, uti wa mgongo wenye kasoro ukiwa mojawapo. Kufikia 2018 walikuwa wamebaki wawili: dume na jike, baba na binti yake, ambao pia walizaliwa na mama mmoja. Ikabidi kati ya 2018 na 2019 waletwe mbwa mwitu 19 kuanza upya.

Kwa hiyo damu mpya inaweza kuja na ugonjwa wake ndani. Katika miaka ya karibuni hili ndilo limebadilisha fikra za wanajenetiki wa uhifadhi kuliko jambo jingine lolote, na bado tunabishana. Wapo wanaosema tafuta mgeni mwenye utofauti mwingi kabisa, faida ni kubwa kuliko hatari. Wapo wanaosema tafuta mgeni aliyetoka kwenye kundi la ukubwa wa wastani, ambalo uteuzi asilia umekwisha kulisafisha kidogo. Mimi niko karibu zaidi na wa kwanza, ila kwa sharti: mgeni asiwe mmoja, na asiwe wa mara moja. Dume mmoja wa Isle Royale alikuwa mkombozi kwa muongo mmoja na msiba kwa uliofuata.

Maneno hayo, "umekwisha kulisafisha", yanatupeleka kwa mnyama ambaye ndiye anayelijibu swali lako moja kwa moja. Vaquita ni binamu mdogo wa pomboo, anaishi tu kwenye pembe ya kaskazini ya Ghuba ya California, Meksiko. Mwaka 1997 walikadiriwa kuwa karibu 570. Leo wamebaki pengine kumi hivi. Wanakufa kwenye jarife zilizotegwa kumnasa samaki mwingine, totoaba, ambaye bondo lake lina bei ya kutisha kwenye soko haramu. Na ni kweli, utofauti wao wa vinasaba ni mdogo sana. Watu wengi wakaanza kusema ulichosema wewe: wamekwisha, tuwaache.

Mwaka 2022 Jacqueline Robinson na wenzake wakachapisha katika jarida la Science uchambuzi wa jenomu 20 za vaquita, kutoka sampuli zilizokusanywa kati ya 1985 na 2017. Walichokuta ni vipande vifupi vya zamani. Vaquita hawakufilisika juzi. Wamekuwa wachache, maelfu machache tu, kwa muda mrefu ajabu, mamia ya maelfu ya miaka. Kundi likiwa dogo muda mrefu hivyo, makosa makali hujitokeza mara kwa mara, wanaoyabeba hufa bila kuzaa, na makosa huondoka nao. Umaskini wao ni wa mtu aliyezoea kuishi na kidogo. Watafiti wakaiga mustakabali wao kwenye kompyuta: vifo vya nyavuni vikikoma kabisa, uwezekano wa kutoweka ni asilimia 6 tu. Vikipunguzwa kwa asilimia 80, badala ya kukoma, uwezekano unapanda hadi asilimia 62.

Hebu zitazame tarakimu hizo mbili tena. Yule yule mnyama, jenomu ile ile. Hapa jenomu ilifanya kazi ambayo hukuitarajia: iliwanyang'anya wanasiasa kisingizio. Hakuna tena anayeweza kusema kwamba vaquita wanajifia wenyewe kwa kuzaliana ndugu kwa ndugu. Wanauawa na nyavu, na kuleta mbinu za uzazi wa maabara wakati nyavu bado ziko majini ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kakapo, yule kasuku mnene asiyeruka wa Nyuzilandi, anafanana naye. Walishuka hadi 51 mwaka 1995, karibu wote wakiwa wa kisiwa cha Stewart, ambako ukoo wao ulikuwa umejitenga kwa takriban miaka 10,000. Jenomu zilizochapishwa 2021 zilionyesha kwamba ndege hao wa kisiwani walikuwa na makosa hatari machache kuliko kakapo wa bara waliotoweka. Njiwa wa waridi wa Mauritius ni kinyume chake, na ananitia wasiwasi zaidi ingawa anasifiwa. Alibaki na ndege wasiofika dazeni moja porini mwaka 1990, akalindwa, wakafika mamia, na mwaka 2018 akapandishwa daraja kuwa spishi yenye hatari pungufu. Idadi inapanda, ila jenomu inaendelea kufukarika, na mzigo wa makosa ni mzito, kwa sababu kabla ya kuanguka walikuwa wengi. Ukihesabu vichwa peke yake, utamfungia faili.

Umenisikia nikisema "uteuzi asilia" kana kwamba ni jambo la kale. Mhadhiri wako huenda aliligusa hili harakaharaka, nami nataka kukaa nalo kidogo, kwa sababu ndipo mageuko yanapoonekana yakitokea mbele ya macho.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Gorongosa, Msumbiji, vita vya 1977 hadi 1992 viliwamaliza tembo kwa zaidi ya asilimia 90. Pande zote mbili ziliuza pembe. Baada ya vita watu wakaona kitu: majike mengi hayakuwa na pembe kabisa. Kabla ya vita yalikuwa asilimia 18.5, miongoni mwa walionusurika yakawa asilimia 50.9. Maelezo ya haraka ni rahisi, asiye na pembe hakupigwa risasi. Lakini kulikuwa na fumbo. Mbona madume yasiyo na pembe hayaonekani?

Timu ya Shane Campbell-Staton ilisoma jenomu za majike yenye pembe na yasiyo nazo, na matokeo yakatoka 2021. Alama zikaelekeza kwenye kromosomu X, kwenye jeni iitwayo AMELX, inayohusika na kujenga meno. Pembe ya tembo ni jino, kato la juu lililorefuka. Jike ana X mbili. Ile iliyobadilika inamnyima pembe na ile nzima inamlinda asife. Dume ana X moja tu. Akiipata iliyobadilika, hazaliwi. Fuatilia sasa hesabu yake: mama asiye na pembe hupitisha X iliyobadilika kwa nusu ya watoto. Binti anayeipata anaishi bila pembe. Mwana anayeipata anapotea tumboni. Basi watoto wake wanaozaliwa huwa takriban theluthi mbili mabinti, na ndivyo hesabu za porini zilivyoonyesha.

Ndiyo maana simpendi mtu anayesema tembo "wamejitengenezea kinga". Hakuna aliyejitengenezea chochote. Mabadiliko hayo yalikuwepo tangu zamani kwa wachache, na bunduki iliyapandisha bei kwa miaka 15. Gharama yake ni wana wanaokufa kabla ya kuzaliwa, na kundi linalorudi polepole. Tena tembo huchimbua maji na kubandua magome kwa pembe, kwa hiyo jeni moja ya jino inagusa hadi miti. Miongoni mwa mabinti waliozaliwa baada ya vita, asilimia 33 hawana pembe: imeshuka kutoka nusu, lakini haijarudi ilipokuwa. Mwenye kupanga ulinzi wa kundi hilo anahitaji kujua hayo yote, na hesabu inayopigwa kutoka angani kwa ndege haiwezi kumwambia.

Kuna kazi nyingine ya jenomu, isiyosisimua sana lakini yenye nguvu kisheria: kusema nani ni nani. Tembo wa Afrika walihesabiwa kwa muda mrefu kama spishi moja, ingawa ushahidi wa vinasaba wa 2001 ulishaonyesha kwamba wa msituni na wa savana ni wawili tofauti. Ilichukua miaka 20. Machi 2021 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, iliwatathmini kila mmoja peke yake kwa mara ya kwanza, na ikaonekana kwamba wa msituni walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 86 katika miaka 31. Msiba wao ulikuwa umefichwa ndani ya wastani. Kwa twiga, pendekezo la spishi nne lilitolewa 2016, IUCN ikalikubali 2025. Usidhani lakini kwamba kutenganisha ni wema daima. Samaki wa jamii ya sikilidi wa Ziwa Viktoria, spishi zipatazo 500 zilizochipuka kwa takriban miaka 15,000, walipata mtaji wao wa mageuko kutokana na koo mbili za mbali zilizokutana na kuchanganyika. Anayetetea "usafi wa damu" porini hajawahi kusoma jenomu yoyote kwa makini.

Vinasaba hivyohivyo huwafuata majangili. Samuel Wasser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walikusanya mavi ya tembo kutoka Afrika nzima. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo, hivi ndivyo inavyokwenda: unatafuta bonge bichi, ambalo bado linang'aa juu. Ule mng'ao ni ute wa utumbo, nao umejaa seli za tembo mwenyewe. Unakwangua ngozi hiyo ya juu tu kwa kijiti, ukubwa wa ukucha, unaitia kwenye kichupa. Ndani ya bonge ni nyasi na bakteria, hakukusaidii. Kwa ramani waliyoitengeneza hivyo, pembe iliyokamatwa bandarini inaweza kurudishwa hadi eneo ilikotoka. Shehena kubwa za kati ya 2006 na 2014 zilielekeza hasa kwenye sehemu mbili: kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji kwa tembo wa savana, na mpaka wa Gabon, Kongo na Kamerun kwa tembo wa msituni. Mwaka 2018 wakaenda mbali zaidi: wakalinganisha pembe ya kushoto iliyokamatwa kwenye shehena moja na ya kulia kwenye shehena nyingine, wakakuta ni za tembo yuleyule. Mfanyabiashara aliyekuwa akishtakiwa kwa kontena moja akaunganishwa na mengine. Hizo zilikuwa alama chache tu za DNA, hata jenomu nzima haikuhitajika. Usimdharau mwenye kifaa kidogo anayejua anachotafuta.

Utaniuliza kuhusu kuwafufua waliokufa, wanafunzi wote huuliza. Jibu langu ni fupi. Kwa mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, yule wa Marekani mwenye miguu myeusi, kazi hiyo ina maana. Wote walio hai wanatokana na waasisi saba. Seli za jike aitwaye Willa, ambaye hakuwa ameacha mzao aliye hai, ziligandishwa 1988. Desemba 2020, kutokana na seli hizo, akazaliwa pacha wake wa maabara (kloni), Elizabeth Ann, na baadaye pacha mwingine, Antonia, ambaye mwaka 2024 alizaa. Mwasisi wa nane amerudi kundini, miaka zaidi ya 30 baada ya kufa. Faru mweupe wa kaskazini ni mtihani mgumu zaidi: tangu Sudan afe Machi 2018 wamebaki majike mawili, Najin na binti yake Fatu, na tumaini liko kwenye mbegu na seli zilizogandishwa. Katika visa vyote viwili, aliyeokoa kitu ni yule aliyegandisha seli wakati hakuna aliyejua zitatumika kwa nini.

Hapo ndipo ushauri wangu kwako unapoangukia. Programu za uchambuzi utazifundishwa, na zitabadilika mara tatu kabla hujahitimu. Sampuli ikiharibika, hakuna programu ya kuirudisha. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikusanya mavi na manyoya msimu mzima, nikaandika kila kichupa kwa kalamu ya wino, nikavipanga kwenye sanduku. Kimoja kilivuja. Spiriti iliyokuwa ndani ikayafuta maandishi ya vichupa vyote vya safu ile, na nikabaki na DNA safi kabisa ya wanyama nisiowajua, kutoka mahali nisipopajua. Andika kwa penseli, kwenye karatasi, na karatasi uitie ndani ya kichupa.